Nyota Iliyopakatwa na Mwezi

Magharibi ilipoingia, wapanguzaji, roboti wenye miguu kama ya mjusi, walimaliza kufuta Kubakioo, kuba la kioo lililofunika mji mzima ili kuzuia tufani za vumbi. Anga ikang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Watu wakajaa juu ya paa la ghorofa kutafuta mwezi wa Idi.

Walimsubiri Dokta Mwanahawa, daktari wa meno aliyejiundia darubini kwa bomba la maji. Mtaani hapo mwezi haukutangazwa mpaka yeye auone. Kila jioni alikitafuta pia kituo cha angani alikofanya kazi mwanawe, Twalib. Simu za huko zilikuwa zimekatika. Nuru ya kituo ikipita, aliipungia mkono. Ndiyo salamu pekee iliyobaki.

"Ule pale!" mtu akapaza sauti. "Jamani, na nyota kaipakata!"

Vigelegele vikalipuka.

"Tangaza basi, Dokta," akasema Sefu, jirani yake, mhandisi wa kuba. "Unauchungulia mwezi kama gego bovu! Mke wangu keshaloweka mchele."

Mwanahawa hakucheka.

"Sefu, mwezi ni tufe. Hapo penye giza kati ya pembe napo ni mwezi, ila jua halijapafikia. Nyota iko nyuma yake, mbali mno. Imepenyaje?"

Sefu akamvuta kando. "Shusha sauti. Kijana aliyechora aliiga ule wa kwenye mnara wa msikiti."

"Aliyechora?"

"Mchanga ulikikwaruza kioo kwa nje hadi kikafa macho, nje hakuonekani tena. Wakubwa wakaogopa watu wangejiona wamefungiwa. Tukaligeuza kuba kuwa kiwambo cha picha."

Nukta nyeupe ikachomoza upande wa machweo, ikapanda taratibu kama kila jioni.

"Na ile?"

Mwanahawa akamshika mkono.

"Sefu, mwanangu anapita au hapiti?"

"Kituo kimenyamaza tangu masika, Dokta. Hatujui. Nuru tuliiacha ipite... kwa ajili yako."

Nukta ikafika juu ya kichwa chake. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyanyuka. Akaushusha, akaushika kwa mkono wa pili.

"Dokta! Umeandama?" watu wakaita.

"Sema ndiyo," Sefu akanong'ona. "Wana watoto hawa."

"Na mimi je?"

Akawageukia watu.

"Sijauona!" akasema. "Wala hakuna aliyeuona. Mwulizeni Sefu kioo hiki kilivyoufunika. Halafu nileteeni nyundo."