Mafuta ya Mama Jeanne

Chupa ya lavanda haikupungua. Siku tisa Wivine alikuwa akidondosha matone kwenye maji ya moto, akisali ili roho itulie, kisha akimpaka kifuani bintiye Lydie, mtoto wa miaka sita asiyejua usingizi. Mafuta yalisimama palepale, nusu ya chupa.

Angemshukuru Mungu, kama asingejua chupa ilikotoka. Kazi yake ni kukanda watu, na pale mtaani Hewa Bora ndiye aliyeitwa kumwosha jirani yake, marehemu Mama Jeanne, na kumpaka lavanda ile. Desturi kila mwanamke anaijua: kilichobaki baada ya kumwosha maiti huingia jenezani. Wivine aliingiza sabuni na kitambaa. Chupa akaificha, kwa kuwa mafuta yalinukia vizuri mno. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Lydie akaanza kulala, akalala mpaka adhuhuri, mwili baridi kama sakafu. Siku ya tisa alisema kwa sauti ndogo:

«Mama, ule mama mwenye iko nanipakaa kisha weye kutoka, mikono yake iko baridi.»

«Mama gani?»

«Mwenye kitenge ya bleu.»

Kitenge kile cha buluu Wivine alikifunga kwa mikono yake, kiunoni mwa maiti.

Alikimbilia kwa Adolphine, mama wa kikundi cha sala, akaungama yote, na mchana uleule wakaenda makaburini, na njia nzima chupa ilizidi kuwa nzito mkononi na harufu ikazidi kupanda, mpaka wapita njia wakageuka, mpaka Wivine akahisi mtu anatembea nyuma yake akipumua harufu ileile.

«Mwanga yote,» Adolphine alinong'ona. «Bintu bya mufu birudie kwa mufu.»

Wivine akamwaga juu ya kaburi, mafuta yakazama udongoni. Chupa ikakauka, na Wivine akalia kwa furaha.

Nyumbani, harufu iliwapokea mlangoni. Lydie alikuwa ameketi kitandani, macho makavu, nywele zikidondosha mafuta. Wivine akampangusa, yakatoka tena, kwenye ngozi yenyewe.

Adolphine akarudi nyuma hatua moja.

«Ulimupakaa mara ngapi?»

«Siku tisa.»

Lydie akatabasamu.

«Mama Jeanne anasema aksanti kwa ile ya mu chupa,» alisema. «Anauliza, yenye inabakia mu mwili yangu utamuletea siku gani?»