Alama Nyekundu Kwenye Kamera ya Wekulo

Kamera ilikuwa imelala mezani, hakuna mkono ulioigusa, na kile kizungushio chake kidogo cha juu kikajizungusha chenyewe. Krr. Robo ya duara, kisha kikatulia.

Jentrix akaweka bisibisi chini. Miaka kumi na mmoja ya kutengeneza kamera katika kibanda cha mabati kando ya reli, Laini Saba, Kibera, ilikuwa imemfundisha kwamba vyuma vina vituko vyao. Lakini kizungushio cha kurudishia filamu hakina spring wala betri. Kinangoja kidole cha mtu. Ukimaliza picha zako thelathini na sita, unabonyeza kitufe kilicho chini ya kamera ili filamu iachiliwe, kisha unazungusha kwa kufuata mshale mpaka yote irudi ndani ya kikopo chake. Usipobonyeza, filamu inang'ang'ania na matundu ya pembeni yanachanika. Ukifungua mfuniko kabla hujairudisha, mwanga unaila yote. Hayo ndiyo mambo ya kwanza babake aliyomfundisha, tena kwa makofi.

"Umeona?" mzee aliyeileta akanong'ona. "Umeona mwenyewe? Kwangu inafanya hivyo mchana na usiku."

Mzee huyo aliitwa Irungu. Alikuwa na ploti ya kupangisha Kawangware na jumba la kuishi Riruta Satellite, na viatu vyake vilikuwa havijawahi kukanyaga matope ya Kibera mpaka siku hiyo. Alikuwa amefunga kitambaa kwenye kiganja cha mkono wa kulia.

"Msichana wangu Valerie aliitoa stoo, akaiweka karibu na TV, ati ni urembo," alisema. "Tangu hiyo siku hatujalala. Nilijaribu kuifungua, hiyo kitu ikazunguka na ngozi ya mkono wangu. Nikaita mama mmoja wa maombi. Akamwaga mafuta, akaomba, halafu akaokota viatu vyake. Akasema hii si ya maombi, hii ni ya fundi. Fundi wa tao, huko mjini, akanituma kwako."

"Unataka nifanye nini?"

"Fungua, toa filamu, uchome nikiona."

Jentrix alikuwa ameigeuza kamera kwenye mwanga wa mlango, na pale ubavuni mwa kizungushio aliona nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, imefifia lakini ipo.

Nukta ile aliitia yeye mwenyewe, akiwa na miaka kumi na miwili, kwa chupa ya rangi ya mamake. Babake, Wekulo, alikuwa mpiga picha wa harusi na ubatizo Kawangware nzima, na mwaka huo alikuwa amepiga harusi moja kutoka kanisani hadi keki bila kujua kwamba filamu haikuwa imeshika. Picha thelathini na sita za hewa. Bwana harusi alimfukuza barabarani na kiti. Jioni hiyo Wekulo akamwambia binti yake, "Weka alama hapa. Kila nikisogeza picha, alama ikizunguka kinyume cha mshale, najua filamu inatembea. Isipozunguka, najua ninapiga ujinga." Kamera aliinunua Mombasa, kutoka kwa wajukuu wa mpiga picha aliyekufa, na wajukuu hao walimwonya kwamba ina mwenyewe. Wekulo alicheka, lakini hakuwahi kuweka filamu mpya bila kusema kwanza, "Mwenyewe, naomba." Jentrix alidhani ni mzaha wa baba.

Wekulo alipotea miaka sita iliyopita, mchana, siku ambayo mwenye ploti walimopanga alileta vijana na nyundo kubomoa vyumba vya wapangaji waliokuwa kazini. Mwenye ploti mwenyewe Jentrix hakuwahi kumwona. Kodi ilichukuliwa na keateka, msimamizi wa vyumba. Aliuliza kwa chifu, akauliza polisi, akauliza mochari zote. Afisa mmoja alimwambia, huku akitafuna mandazi, kwamba wazee wa magharibi wana tabia ya kuwa na mke wa pili. Jentrix hakuyasahau mandazi yale. Mwaka wa tatu baba zake wadogo huko Bungoma walikata mgomba, wakauvika koti la Wekulo, wakauzika badala yake, kama inavyofanywa kwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Watu walilia. Jentrix alisimama kando, macho makavu, akasema mbele ya wazee kwamba yeye hawezi kulilia ndizi.

Na sasa kamera ilikuwa mkononi mwake.

Hasira ya moto ilimpanda. Alitaka kumpiga yule mzee na nyundo ya jirani aliyekuwa akigonga bati nje. Lakini alijua jambo moja ambalo Irungu hakulijua: kinachosema ukweli kilikuwa ndani ya hicho kisanduku, na mkono mmoja wa haraka ungekiua.

"Mzee, hii kamera ulitoa wapi?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Kuna jamaa aliniuzia."

Krr. Alama nyekundu ilisogea. Safari hii haikutulia. Ilijikaza, na ndani ya kamera kukasikika mlio mdogo wa kitu kinachochanika. Jentrix aliujua mlio huo. Kitufe hakikuwa kimebonyezwa. Filamu ilikuwa inavutwa kwa nguvu, na matundu yalikuwa yanakatika moja moja.

Alikibonyeza haraka. Akashika kizungushio kwa vidole viwili. Hakikutaka. Kilikuwa baridi kama chuma cha mochari, na kilisukumana naye, kidole kwa kidole.

"Fungua tu!" Irungu akasema.

"Nikifungua kabla filamu haijarudi, itaharibika."

"Si ndiyo nataka iharibike!"

"Na mimi sitaki," Jentrix akasema. "Aliyekuwa nayo alienda wapi?"

Irungu alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ni nani?"

"Ni fundi. Alienda wapi?"

"Alirudi kwao."

Ndipo harufu ilipoingia. Haikuwa harufu ya Laini Saba, ya mkaa na samaki na mtaro. Ilikuwa harufu ya saruji mbichi, saruji iliyomwagwa sasa hivi, na hapakuwa na mtu anayejenga chochote karibu. Huko nje Phanuel, jirani yake anayefua masanduku ya bati kutoka asubuhi hadi giza, aliacha kupiga nyundo. Nyundo ya Phanuel haiachi hata treni ikipita.

"Baba," Jentrix akanong'ona juu ya kamera, "pole pole. Utairarua." Kisha akamgeukia mwenye ploti. "Umesikia hiyo? Inachanika kila ukidanganya. Ikiisha kuchanika sitaweza kuitoa, na utarudi nayo Satellite, na itakaa nawe mpaka uzikwe nayo. Sema, mzee. Mimi nina jina la babangu, ni Wekulo, na sina haraka."

Rangi ya uso wa Irungu ilibadilika. Akaangalia mlango. Phanuel alikuwa amesimama pale na nyundo yake, jasho kwenye kifua.

"Ilikuwa ajali," Irungu akasema. "Walimsukuma tu. Alikuwa anapiga picha, ati anapeleka kwa chifu, nikawaambia mnyang'anyeni. Akaanguka."

"Wapi?"

"Wakamtupa mtoni."

Kizungushio kikakaza mpaka ngozi ya kidole cha Jentrix ikapasuka, na harufu ya saruji ikawa nzito hata Phanuel akaziba pua, na Irungu akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichoisha, akakohoa mpaka akapiga magoti kwenye vumbi la chuma, akatema kiganjani kitu cha kijivu, akakitazama, akaona ni mchanga na saruji, na hapo ndipo yule mzee mwenye ploti, aliyewahi kutupa nje vitanda vya wenye watoto wachanga, akalia kama mtoto mwenyewe.

"Chini ya ngazi! Nyumba mpya ya pale ploti, chini ya ngazi! Kulikuwa na shimo la msingi, tukamweka, tukamwagia saruji asubuhi. Iambie iache. *Ngai*, Mungu wangu, iambie iache!"

Kizungushio kikalegea.

Na kikaanza kuzunguka, sasa kwa kufuata mshale, kwa upole, bila Jentrix kukisukuma, vidole vyake vikiandamana nacho tu, alama nyekundu ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, na kwa kila mzunguko alisikia kitu kwa mbali, nyundo juu ya ukuta, mama akipiga mayowe, mabati yakidondoka, sauti ya babake ikisema ngojeni, ngojeni kwanza watu watoe vitu vyao, na krr, krr, krr, filamu ikarudi nyumbani kipande kwa kipande, mpaka akahisi ile nguvu ya mwisho, kisha ulegevu, kama mkono uliokushika ukikuachia.

Irungu alikuwa ameinuka. Woga ulikuwa umeondoka na kikohozi. Mtu wa aina ile hutubu kwa dakika mbili tu. Aliirukia kamera, akaipokonya, na kwa kuwa alikuwa amemwona fundi wa tao akijaribu, alijua pa kuvuta. Alivuta kizungushio juu. Mara hii mfuniko haukumkatalia. Ulifunguka kwa mlio mdogo, na jua la saa nane likaingia ndani.

"Imeungua!" alipiga kelele, akicheka na machozi bado mashavuni. "Mwanga umeingia! Sasa mtaonyesha nini? Maneno ya mwanamke wa Kibera?"

Jentrix hakukimbia. Alinyoosha mkono, akatoa kile kikopo kidogo kutoka kwenye kitundu chake. Kilikuwa kimefungwa vizuri, na filamu yote, kila picha, ilikuwa imelala ndani gizani.

"Ilikuwa imesharudi, mjinga wewe," alisema.

"Na mimi nimesikia yote," Phanuel akasema mlangoni. "Keti chini, mzee. Keti kabla nikukalishe."

Mchoyo hatupi kitu, hata kitakachomfunga. Irungu angeichoma kamera ile miaka sita iliyopita, lakini alifikiri siku moja atapata mnunuzi.

Polisi walipeleka mafundi, ngazi ikavunjwa siku ya nne. Wapangaji walisimama uani mafundi walipofika kwenye mifupa na mkanda wa ngozi wa kamera. La kuvunda halina ubani. Bungoma walifukua mgomba uliooza, wakautupa, na Wekulo akaingia kaburini mwake. Siku hiyo Jentrix alilia, na alilia kwa hasira, akiupiga udongo kwa viganja mpaka shangazi zake wakamshika.

Filamu aliisafisha mwenyewe, kwenye chumba alichokiziba kwa mablanketi. Matundu yalikuwa yamechanika upande mmoja, lakini picha zilitoka. Thelathini na tano za ubomoaji. Alimwita Phanuel aione ya thelathini na sita.

Ilimwonyesha Wekulo amelala kifudifudi kando ya shimo, mikono yote miwili imenyooka, mitupu. Vijana wawili walikuwa na sepetu. Irungu alikuwa katikati, anatazama moja kwa moja kwenye kamera, mdomo wazi.

Phanuel aliisogeza kwenye mwanga. "Jentrix," akasema chini chini. "Buda yako, Wekulo, ako hapo chini. Hao wasee wote, Irungu na vijana wake, wako ndani ya picha. Sasa kamera ilikuwa imeshikwa na nani?"

Jentrix alimkumbuka babake akiipiga vumbi kamera asubuhi. Mwenyewe, naomba. Siku ile kibandani alimwita baba, lakini aliyekuwa akisukumana na kidole chake hakuwa baba.

Mwezi uliofuata Irungu alifikishwa mahakamani, na suti mpya na wakili. Kamera ilikuwa mezani kwa karani, kielelezo, na karatasi imefungwa kwa uzi. Haikuwa na filamu. Jentrix alikaa benchi la mbele, hasira yake imetulia ndani yake kama kaa chini ya jivu. Alipoitazama alisogeza midomo tu, bila sauti: *Mwenyewe, naomba.*

Mashtaka yakasomwa. Hakimu akauliza, "Ni kweli ama si kweli?"

Irungu aliweka sawa koti lake. "Si kweli," akasema.

Krr.

Karani aliruka na kiti chake. Alama nyekundu ilizunguka polepole, ikakaza, na kizimbani mzee Irungu akashika koo, akaanza kukohoa.