Mlango wa Nyuma Niliuziba Mimi

Ndugu wasomaji, nina miaka zaidi ya sabini, mjane, naishi Ijuganyondo. Hadi leo nikisikia harufu ya ndizi zilizoiva, huinuka nikaondoka mahali hapo…

Enzi za ujamaa, kijiji chetu kule Muleba kilichimba shimo kubwa la kuvundikia ndizi za pombe. Lilikuwa pana kama chumba, limeezekwa juu, moshi unafukizwa ndani ili ndizi ziive. Msimamizi wa rubisi, hiyo pombe yetu ya ndizi, nilikuwa mimi, na kwa kiburi nani alinifikia?

Bwana shamba, kijana aliyetoka chuo cha kilimo cha Maruku, alikuja kulikagua. Alichoma majani mabichi ndani, akatazama moshi unakoelekea, akapiga hesabu zake, kisha akatuchimbisha mlango wa pili kwa nyuma. Akatufanyisha mazoezi: moshi ukikuzidi, piga magoti, utambae hadi mlango wa nyuma. Tulimcheka! Mdogo wangu Laurenti peke yake hakucheka. Alirudia mpaka akaweza kutoka huku amefumba macho.

Lakini kwetu kila mvundikaji anajua kwamba moshi ukitoroka, ndizi hukawia. Sherehe ya kijiji ilikaribia na ndizi bado ngumu. Niliona aibu. Nikauziba ule mlango kwa majani ya mgomba na udongo, wala sikumwambia mtu.

Kesho yake Laurenti aliingia kugeuza ndizi. Tulingoja… hakutoka!

Wenzangu walikimbilia mlango wa mbele. Mimi nilizunguka nyuma, nikaubomoa udongo wangu. Alikuwa pale pale, amepiga magoti, amekwisha kufa, kucha zimejaa udongo. Mafunzo aliyafuata yote!

Mkutanoni watu walimlaani bwana shamba na mlango wake. Kabla hajaondoka kijijini alinifuata, akaniuliza taratibu, "Ta Anselmi, mlango wa nyuma ulikuwa wazi?"

"Waitu, ndugu yangu, ulikuwa wazi," nikamjibu.

Aliinamisha kichwa. Aliondoka akiamini kwamba hesabu zake ndizo zilizoua mtu… na mimi nikamwacha aende hivyo!

Mke wa Laurenti alinishukuru hadi kufa kwake kwa kuwalea wanawe. Shukrani ile ilinichoma kuliko matusi.

Nawasihi, msizibe njia ya watu ya kutokea, hata kwa siku moja. Na ukiwa umeiziba, sema siku ile ile. Mimi nimesema leo, na wa kunisamehe, Laurenti na mkewe, wako kaburini. Bwana shamba, kama bado u hai na unasoma hapa: haikuwa wewe.