Waliokuja Kumtazama Dubu

Kassian ni mtoto wa mama yangu mdogo. Yaliyompata Guangzhou, China, mwaka 2007 nayasema kama nilivyoyaona.

Mimi nilikuwa nakwenda huko mara mbili kwa mwaka kununua nguo za jumla kwenye maduka ya Zhanqian Road. Yeye alikuwa mwaka wa tatu akisoma akiolojia, na alipanga chumba kimoja nyuma ya soko la viatu. Jumanne moja mchana alinipikia wali na samaki, akanieleza kazi aliyopewa na mwalimu wake. Karibu na mtaa wa Liuhua walikuwa wakichimba msingi wa jengo la maduka, tingatinga likafukua mifupa. Mjenzi aliwapa watu wa chuo siku kumi na mbili waiondoe.

"Ni uwanja wa michezo wa kale, dada Clementina," alisema. "Duara la udongo ulioshindiliwa, na katikati shimo la nguzo. Walimfunga dubu pale, wakamfungulia mbwa."

"Mmejuaje?"

"Mifupa inasema."

Chonge za dubu zilikatwa kwa msumeno angali hai. Mguu wake wa nyuma ulikuwa na mfereji hadi kwenye mfupa, pale pingu iliposaga kwa miaka. Mbavu zilivunjika, zikaunga, zikavunjika palepale, zikaunga tena.

"Walikuwa wanamtibu," Kassian alisema, "ili adumu."

Nje ya duara walikuta maganda ya mbegu za tikiti, tabaka juu ya tabaka. Watu walikuja, wakakaa, wakatafuna, wakatazama.

"Mimi ndiye ninayeosha mifupa yake. Mikono imekufa ganzi tangu juzi."

Ndipo nilipoona ameshika sufuria ya moto kwa viganja vitupu. Harufu ya ngozi inayoungua ilikuwa imeanza kutoka. Alikuwa bado anatabasamu.

Nilimfunga vidonda. Alhamisi nikaenda mji wa Xintang kukagua suruali za jinzi. Jumamosi saa nne asubuhi Godson, mwanafunzi mwenzake waliyekuwa wakichimba naye, alinipigia simu.

"Dada, njoo kwa Kassian. Njoo tu."

Nilimkuta Kassian anazunguka katikati ya chumba. Duara moja, hatua zilezile, mguu wa kushoto akiuburuta. Meza na viti alikuwa amevisukuma pembeni. Nilimwita. Nilimshika kiuno, akanikokota kama mwiba ulionasa kwenye nguo. Macho yalikuwa wazi. Hayakuniona.

Nilikaa kitandani nikamtazama. Nilipiga simu nyumbani, mama akasema nisali. Nilisali. Hakusimama. Jumapili nzima vilevile. Visigino vilipasuka, akaacha alama nyekundu sakafuni, na hakuguna hata mara moja.

Sikulia. Nilingoja machozi, hayakuja. Nilikuwa namtazama tu.

Kisha nikasikia kitu kinapasuka katikati ya meno yangu. Nilikuwa natafuna karanga. Sikumbuki kuzinunua. Maganda yalinijaa miguuni.

Godson alikuwa amesimama mlangoni. Hakutaka kuvuka kizingiti.

"Dada," alinong'ona. "Ijumaa nilikuwa naye hapa. Nikitoka kwenda darasani, nikirudi namkuta amelala. Nikimwangalia, anaanza."

"Unasema nini?"

"Usimtazame. Geuka."

Niligeuka, nikakabili ukuta. Godson naye akageuka.

Hatua ziliendelea. Moja. Nyingine. Mguu ukaburuzwa.

Zikasimama.

Nikasikia mguno. Haukuwa wa Kassian. Haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa mguno wa watu walionyimwa kitu walichokuja kukipata. Nguo zikachakarika. Wengi waliinuka kwa pamoja. Walinipita nyuma ya shingo, mmoja mmoja, bila haraka. Mtoto alilalamika kidogo kwa lugha nisiyoijua, akavutwa.

Kimya.

"Umesikia?" nilinong'ona.

Godson alitazama suruali yake. Alikuwa amejikojolea.

Nyuma yetu Kassian alianguka.

Hospitalini alilala siku nne. Daktari alishona visigino vyake bila sindano ya ganzi, kwa sababu haikuhitajika. Mwezi uliofuata alirudi Moshi. Hakumaliza masomo. Sasa anauza vifaa vya shule, ameoa, anacheka kama watu. Ila ukimchoma na sindano hasikii, na mkewe humkagua mwili kila jioni kutafuta majeraha. Uwanja ule ulimwagiwa zege siku ya kumi na tatu.

Mimi nilirudi Guangzhou miezi sita baadaye kuchukua vitabu vyake. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alinifungulia chumba huku akilalamika. Hakuna mpangaji aliyekubali kukaa. Alinionyesha kuta.

Zilikuwa na alama za migongo. Kuta zote nne, bega kwa bega, mafuta na jasho vya watu waliokaa chini wakaegemea kwa muda mrefu. Mingine ilikuwa midogo, ya watoto.

"Nimepaka rangi mara tatu," yule mama alisema.

Niliweka kiganja juu ya mgongo mmoja mdogo. Ukuta wote ulikuwa baridi. Pale palikuwa na joto.