Mpaka Mwenyewe Aje

Asubuhi hiyo mbwa hawakubweka.

Kwa wewe unayeishi mbali na mbwa, hiyo ni neema. Lakini kwenye nyumba inayolea mbwa wa watu, kimya ni kama kimya cha mtoto mdogo jikoni: ujue kuna jambo. Mama Kijino alitoka na ndoo ya chakula, akaigonga ukingoni kwa upawa kama kawaida yake, wala hakuna aliyeruka, wala hakuna aliyelia. Mbwa wote walikuwa wamekaa kitako, kila mmoja katika kibanda chake, nyuso wamezielekeza upande mmoja, kwenye kibanda cha mwisho karibu na ukuta.

Kibanda hicho hakikuwa na mbwa. Kilikuwa na sweta kuukuu ya kijivu, kamba yenye mkanda wa shingoni, na bakuli. Jioni iliyotangulia, kwa aibu zaidi ya jambo lolote, Mama Kijino alikuwa ametia chakula kidogo kwenye lile bakuli. Sasa lilikuwa limerambwa likang'aa.

"Panya," alijiambia. Lakini panya harambi bakuli la bati hadi ukajiona uso.

Nisikuzungushe. Huyu mama alijua anaogopa nini, na mumewe pia alijua, na wote wawili walikuwa wameapa kutolitaja hata wakiwa peke yao. Acha niwatajie mimi.

Nyumba yao watu waliiita Bweni. Waliiendesha wao wawili, mume na mke, na kila walichokipata kilikuwa cha binti yao, mtoto wa pekee waliyempata walipokwisha kukata tamaa. Walimwita Kijino tangu siku jino lake la kwanza lilipochomoza, na jina likawagandia hata wazazi. Sasa alikuwa anasoma darasa la kwanza, na jino hilohilo, la mbele kushoto, lilikuwa limeng'oka. Akicheka, pengo linatangulia.

Sifa ya Bweni ilikuwa ni nguo. Kila mbwa alipaswa kuja na nguo ya mwenyewe, iliyovaliwa na isiyofuliwa, alalie ili asiugue kwa upweke. Hiyo ilikuwa akili ya Mama Kijino. "Mbwa haishi kwa macho," alipenda kusema, "anaishi kwa pua." Kisha alishika kamba mkono mmoja na nguo mkono wa pili, akamwambia mteja, "Tumempokea. Ni wetu, mpaka mwenyewe aje." Wateja waliyapenda hayo maneno. Wengine walitokwa na machozi, kwa mbwa!

Ndipo akaja bibi mshonaji, aliyekuwa anakwenda kutibiwa macho. Hakuwa na mtu duniani ila mbwa wake wa rangi ya kaki, sikio la kushoto limechanika, aliyemwita Bwana Mdogo kwa vile alivyokuwa na maringo. Kijino na Bwana Mdogo walipendana palepale. Kila asubuhi kabla ya shule alimwahidi, "Nikirudi nitakuletea maji." Na akirudi alimletea.

Siku moja Baba Kijino alimpeleka Bwana Mdogo kwa daktari wa mifugo, akachomwe sindano. Walirudi jua likiwa utosini. Akaegesha gari nyuma ya nyumba, akapandisha vioo, simu ikalia. Akaongea. Akala. Akalala.

Kilichomwamsha ni sauti ya Kijino aliyesimama mlangoni na kikombe cha maji. "Baba, Bwana Mdogo yuko wapi?"

Vioo vya gari vilikuwa vimechanwa kwa ndani, mistari juu ya mistari, na udenda umekaukia juu yake. Sitaeleza zaidi. Mbwa hana namna ya kuita jina la mtu, ana kucha tu.

Kusema "bibi, tumekukosea" kungewaua? Kusingewaua. Lakini Baba Kijino aliwaza jina la Bweni, na mkewe akatamka lile neno ambalo baadaye alitamani angeling'ata ulimi kabla halijatoka: "Bibi haoni."

Daktari wa mifugo alikuwa na mbwa wengi waliotupwa, na mmoja alikuwa wa rangi ya kaki. Wakamchukua. Mama Kijino akamsugua kwa sweta ya bibi, mgongo, tumbo, hata katikati ya vidole, mpaka akanukia bibi mwenyewe. Likabaki sikio. Mama Kijino alimshika mbwa kichwa, wakitazamana uso kwa uso, na mumewe akasimama kando na mkasi.

"Lipi?"

"La kushoto." Akaonyesha kwa kidevu, upande wa mkono wake wa kushoto.

Hakuna aliyeuliza kushoto kwa nani. Wakakata.

Bibi alikuja bado amefungwa bendeji machoni. Vidole vyake vya ushonaji vilitembea juu ya kichwa cha mbwa, vikafika sikio la kushoto, vikasimama. Vikavuka hadi la kulia, vikapapasa kidonda kipya, vikasimama tena. Akainama akamnusa.

"Huyu ananukia mimi," alisema polepole.

Baba Kijino akatumia ile sauti yake laini ya wateja. "Mbwa akikaa bweni hubadilika kidogo, bibi. Mpe siku chache, atakuzoea."

"Atanizoea," bibi alisema. "Haya." Akaondoka naye.

Walidhani yamekwisha. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na hawa ndugu zangu hawakujiuliza kwa binadamu utakuwaje.

Bibi alirudi macho yamefunguliwa. Kwapani alikuwa na ile sweta yake ya kijivu, na mkononi anaburuta kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na mkanda mtupu wa Bwana Mdogo. Mama Kijino akamwambia, "Shikamoo, bibi." Shikamoo ile haikupata wa kuipokea.

"Nimewaletea wangu mwingine," alisema bibi. "Huyu hafi kwa joto. Joto ndiko kwao."

Hakuna aliyekuwa amemwambia bibi habari za joto. Mama Kijino alitaka tu aondoke, aondoke upesi kabla majirani hawajachungulia. Akapokea kamba, akapokea na ile sweta, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa vilevile kama siku zote, mdomo ukaenda wenyewe. "Tumempokea. Ni wetu, mpaka mwenyewe aje."

Bibi akacheka. "Nyinyi ndio mmesema." Akageuka akaenda zake, na kamba mkononi mwa Mama Kijino ikakaza kidogo, kama inavyokaza mbwa anapogeuka kumtazama mwenyewe akiondoka.

Jioni hiyohiyo habari zikaja. Mshonaji amekutwa kitini kwake amefariki, na mbwa wa kaki amelala miguuni pake.

Sasa unaelewa lile bakuli.

Mume alipoonyeshwa alikasirika, ndiyo njia yake ya kuogopa. "Tupa hayo matambara!"

"Tupa wewe," mkewe alinong'ona.

Hakutupa yeye, hakutupa mkewe.

Harufu ndiyo ilitangulia kuingia ndani. Plastiki iliyoungua juani, viti vya gari, pumzi ya mnyama. Mama Kijino alipiga deki, akafungua madirisha, akapiga deki tena, na harufu ikawa inasimama palepale kwenye korido, mbele ya chumba cha Kijino. Kisha siku ya mapumziko ya shule, jua lilipofika utosini, mtoto akaita.

"Mama, nani amefunga madirisha?"

Madirisha yalikuwa wazi, pazia linapepea. Lakini Mama Kijino alipokanyaga kizingiti joto lilimpiga usoni akarudi nyuma, na akamwona binti yake kitandani, nywele zimelowa, mdomo wazi, ulimi nje, anahema hema zile fupifupi za haraka ambazo mama yule alikuwa amezisikia maisha yake yote lakini kamwe si kwa mtoto wa mtu, na kila alipomnyooshea mkono mtoto alijibana ukutani na kukwaruza, akakwaruza ukuta, akakwaruza ubao wa kitanda, akapanda dirishani na kukwaruza kioo mpaka kucha zikapasuka na damu ikachora mistari juu ya mistari, na alikuwa anamtazama mama yake kama mtu aliye upande wa pili wa kitu kisichofunguka.

"Nilimwambia nitamletea maji," Kijino alisema. "Mama, nilimwahidi."

Wakaitwa watu, akaja mganga, mama mnene mwenye kikohozi na kandambili, asiyependa maneno mengi. Alisimama mlangoni pa chumba akajipepea kwa ukingo wa mtandio.

"Huyu ni mkubwa," alisema. Akawasha ubani, akakaa chini, akamwita aliyekuwa ndani ya mtoto. "Nani amekuleta?"

Sauti iliyotoka kwa Kijino ilikuwa kavu. "Sikuletwa. Nimepokelewa."

Mganga akawageukia wazazi. "Mlimpokea kwa maneno gani?"

Mama Kijino akayasema, akilia.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki."

"Lo!" Mganga alikohoa, akafuta macho. Kisha akamuuliza tena yule wa ndani, "Unataka nini?"

"Wangu."

"Mnasikia? Anadai. Sasa nyie mnisikilize vizuri. Ukimficha daktari umejizika, na mimi ni hivyohivyo. Mmemfanyia nini huyo marehemu? Semeni mbele yake, muombe radhi, nami nitamtoa mtoto wenu akiwa mzima. Msiposema, nitatibu nilichoambiwa tu."

Hapo ndipo, msomaji, mlango ulipokuwa wazi. Sentensi moja tu. Mama Kijino alimtazama mumewe, naye mumewe alitazama dirishani, ambako vichwa vya majirani vilikuwa vimejaa kama viazi guniani.

"Hatukumfanyia kitu," alisema Baba Kijino. "Alituletea mbwa wake, tukamrudishia mbwa wake. Hata hao majirani waliona."

"Ni kweli, mama?" mganga akamuuliza mke.

Mama Kijino alimtazama mwanawe anavyohema. Alifungua mdomo. Nataka kusema alikuwa na nia ya kusema, lakini nia haimnyweshi maji mwenye kiu. Alisema, "Ni kweli."

Kijino akacheka, kicheko cha bibi kabisa.

"Haya," ile sauti ikasema. "Kama mlivyonirudishia wangu, nami nitawarudishia wenu."

Na joto likatoka. Lilitoka kwa mkupuo likawapita wote miguuni, ubani ukazimika, na nje mbwa wakabweka kwa pamoja, kelele ile nzuri ya kila siku. Majirani wakapiga vigelegele. Baba Kijino akaegemea ukuta akalia kwa furaha. Mganga peke yake hakufurahi. Alikusanya vitu vyake akaondoka hata chai hakuinywa.

Mtoto alilala mpaka alasiri. Alipoamka aliomba maji, akanywa vizuri, akajikunja kifuani mwa mama yake. Mama Kijino akazika pua kwenye nywele zake akashukuru. Alinukia Kijino: sabuni yake, mafuta yake, vumbi la chaki ya shule. Alinukia Kijino sana. Alinukia Kijino hata nyuma ya magoti, hata katikati ya vidole.

Mama akainua macho. Sare ya shule haikuwa kwenye msumari wake. Ilikuwa chini ya kitanda, imekunjamana na kuchakaa, kama kitu kilichosuguliwa siku nzima.

"Cheka, mwanangu," alisema. "Mchekee mama."

Mtoto akacheka. Pengo lilikuwa palepale mbele. Mama Kijino alilitazama, akajiambia ngoja, wewe mwanamke una wazimu, kushoto kwako au kwake? Akazunguka akakaa ubavuni pa mtoto, wote wawili wakatazama ukuta mmoja, akaweka kidole chake kwenye jino lake mwenyewe la kushoto, kisha akakipeleka kwenye mdomo wa mtoto upande uleule. Kikakutana na jino.

Pengo lilikuwa kulia. Fizi yake ilikuwa bado ina damu mbichi.

Mbwa wakanyamaza.

Mama Kijino alikimbilia nje. Kila mbwa alikuwa amekaa kitako, lakini safari hii hawakutazama kibanda cha mwisho. Walitazama nyuma ya nyumba, lilipoegeshwa gari, vioo vimepandishwa, na kutoka ndani yake kulisikika kucha, kucha ndogo, kucha zisizo za mbwa.

"Fungua!" alimpigia mumewe kelele. "Fungua, Kijino yumo humo!"

Alikuja mbio na funguo, akafungua mlango wa mbele, wa nyuma, buti. Hamkuwa na mtu. Joto tu ndilo lililotoka. Kwa ndani ya kioo palikuwa na alama za vidole vya mtoto, mbichi, bado zinachuruzika.

"Mwanangu yumo humu," mama alilia, akipiga kioo kwa viganja. "Yule ndani siye. Siye, nakwambia!"

Mtoto alikuwa ametoka akasimama mlangoni na kikombe cha maji, anawatazama. Baba Kijino alimtazama yeye, akatazama gari, akatazama ukuta wa majirani na vichwa vilivyoanza kuchomoza tena. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile laini ya wateja, maana hakuwa na nyingine.

"Mtoto akiugua hubadilika kidogo, Mama Kijino. Mpe siku chache..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe, akaishia hapo.

"Nitamzoea," mtoto akamalizia, akanywa maji.