Waya Nyuma ya Ukuta

Kila alasiri, Kidole alirusha mkoba wa shule kitandani na kuwasha televisheni kabla hajavua viatu. Walimtungia jina hilo kwa mikono yake isiyotulia. Mtaani walisema swichi zikimwona hujiwasha zenyewe kwa woga.

Siku hiyo kioo kilijaa chengachenga, kikavuma shwaaa!

"Wamezima analojia," alisema mama yake, akikanyaga cherehani. "Chaneli za taifa sasa ni za dijitali. Waliojiandikisha na kampuni ya kebo wamepewa ving'amuzi. Twende tukamuulize Bibi Mkunga. Si ndiye aliyeturuhusu kuunga kwenye waya wake?"

 Jirani yao huyo, mkunga mstaafu, hakuwa ameruhusu chochote. Miezi kadhaa nyuma, Kidole mwenyewe aliukata waya wa kebo wa bibi nyuma ya ukuta, akaunga wa kwao, kisha akamdanganya mama.

"Labda amelala, Mama."

"Saa kumi? Kwani amekuwa kuku?"

Walimkuta Bibi Mkunga amekaa katikati ya mabegi. King'amuzi kilikuwa bado kwenye boksi.

"Cha nini tena, wajukuu zangu?" alisema. "Macho yananiaga. Vya karibu naviona, lakini televisheni ni ukungu mtupu miezi yote hii. Kesho nahamia kwa mwanangu. Kipofu hawezi kuishi peke yake."

Kidole aliyatazama mabegi yale. Akisema, amekwisha. Akinyamaza, bibi anahama nyumba yake bure.

"Si macho, Bibi!" sauti ilimtoka kama imesukumwa. "Ni mimi! Niliunga waya wetu kwenye wako kwa siri, picha yako ikaharibika!"

Mama alimshika sikio. "Unasemaje wewe?"

"Mwache kwanza," alisema bibi. "Nenda ukatoe ulichounga."

Kidole alitoa kiungo kile, akaurudisha waya ulivyokuwa, akafunga king'amuzi. Picha ikang'aa.

"Lo! Naona hadi chunusi ya mtangazaji!" Bibi alicheka, kisha akajifuta machozi.

"Nisamehe, Bibi. Niliogopa sana."

"Umeogopa leo tu, mjukuu wangu. Mimi nimeogopa giza miezi yote, kwa kosa nisilolijua. Ukikosea, sema mapema. Uongo wako unaweza kumtesa mtu ambaye hata hukumfikiria. Haya, fungua mabegi hayo, unirudishie nguo kabatini."