Mafundo Kwenye Shuka la Asli

Nzilani alienda jikoni kugeuza maharagwe tu. Aliporudi, maua ya manjano aliyodarizi asubuhi yalikuwa yamefunikwa na vifundo vyeusi, vimebanana kama punje za mtama, na sebule ilinuka nywele zilizoungua.

Ilikuwa mara ya nne tangu Jumatatu. Alishika mkasi akaanza kufumua, ameuma meno. Shuka lilikuwa la harusi ya Asli, binti wa Mama Fosia, muuza vitambaa wa mjini Machakos. Hakuna mteja mwingine aliyewahi kumwambia Nzilani adarizi anavyopenda, bila mchoro. Harusi ilikuwa Ijumaa.

"Ni wewe unanichezea?" alimuuliza mumewe, Josphat.

"Mimi hata sindano sijui kushika. Huo uzi mweusi uliutoa wapi?"

Nzilani alikuwa ameutoa kwenye kitambaa cha mtumba cha soko la Katangi, darizi ya mtu iliyoachwa nusu. Uzi ulikuwa mzuri, akaufumua wote.

Mchana huo alikaa akilitazama shuka bila kuligusa. Sindano ikasimama yenyewe, ikazama, ikatoka, ikavuta uzi polepole kwa mlio wa kukwaruza, na kando ya sikio lake mtu asiyeonekana akawa anahema, anahesabu mafundo kwa lugha asiyoijua, mpaka Nzilani akatoka mbio bila viatu.

Mama Fosia aliposikia, alimleta Sheikh Nuradin. Sheikh akasoma dua, uzi mweusi ukachomwa uani.

"Ulimfumulia mwenye uzi kazi yake," sheikh alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anaimalizia. Sasa ameenda."

Nzilani akaanza upya kwa uzi mpya wa manjano, na hasira ya siku nne zilizopotea. Kazi ikaenda haraka ajabu.

"Wachana nayo kwanza," Mama Fosia alisema. "Kunywa chai."

"Nataka," Nzilani alinong'ona. "Mkono umekataa."

Vidole vyake vilifunga fundo, vikafunga lingine, vikafika ukingo wa shuka na kupita, sindano ikaingia kwenye leso aliyojifunga, ikashuka zaidi, na ingawa Mama Fosia aliung'ang'ania ule mkono kwa mikono yake miwili, uzi wa manjano ulipovutwa juu ulitoka mwekundu.

Nzilani hakusikia uchungu wowote.